Oldupai na Natron, Isimila na Mbozi, au Olorgesailie na Magadi: ulinganisho wa safari tatu za gari

Mkazi wa Afrika Mashariki anayetaka kutumia likizo yake kuendesha gari hadi mahali palipofukuliwa mabaki ya binadamu wa kale, na njiani akaona milima ya volkano, maziwa ya magadi na makorongo yaliyochongwa na maji, hana haja ya kuvuka bahari. Bonde la Ufa limemwekea vyote pamoja, kwa sababu nguvu zile zile zilizopasua ardhi na kumwaga majivu ndizo zilizoizika mifupa na zana za mawe kwa haraka kiasi cha kuzihifadhi, na mmomonyoko uliofuata ndio ulioziibua tena. Ugumu wake ni kuchagua. Umbali kati ya maeneo haya ni mkubwa, ada zinatofautiana mno, na picha zinazosambaa mtandaoni hazisemi lolote kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kuamua safari nzima: ni kitu gani kilichobaki pale pale kilipopatikana, na ni kitu gani kilichokwisha kuhamishiwa kabatini katika makumbusho ya mjini.

Njia tatu zinalinganishwa hapa. Ya kwanza ni ya kaskazini mwa Tanzania, inayoanzia Arusha na kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi Ngorongoro na Oldupai, kisha Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai. Ya pili ni ya Nyanda za Juu Kusini, inayofuata barabara kuu ya Tanzania na Zambia kutoka Dar es Salaam hadi Isimila karibu na Iringa, kisha Mbeya, Rungwe na Kimondo cha Mbozi. Ya tatu iko Kenya: Nairobi hadi Olorgesailie na Magadi, na kwa mwenye siku za ziada, Naivasha, Kariandusi na Nakuru. Niseme mapema kwamba kwa familia yenye gari dogo na mfuko wa kawaida naegemea njia ya pili, na kwa mtu wa Nairobi mwenye Jumamosi na Jumapili tu sioni ushindani wowote, aende Olorgesailie. Njia ya Oldupai ina watu wake, nao nitawataja.

Kinachoonekana kwa macho

Oldupai ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote. Korongo lake lina urefu wa kilomita zipatazo 48, na ni humo ambamo mwanaakiolojia Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, aliliona fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lililopewa jina la Zinjanthropus, au kwa kifupi Zinj. Mwaka 1961 majivu ya volkano yaliyolizunguka yalipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni, yakatoa umri wa miaka milioni 1.75, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wataalamu wengi wa wakati ule walivyokuwa tayari kuukubali. Mwaka 1964 Homo habilis, aina ya binadamu wa kale, ilitangazwa kwa ushahidi uliotoka katika korongo hilo hilo. Hata hivyo, msafiri anayefika akitarajia kuiona mifupa ikiwa imelala ardhini atavunjika moyo, kwa kuwa fuvu la Zinj linatunzwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, na vingi vya vitu vidogo vimo katika maghala ya utafiti.

Kinachobaki Oldupai, ambacho hakiwezi kuhamishwa, ni matabaka. Mtu anayesimama ukingoni anaona chini kabisa miamba myeusi ya lava, juu yake udongo wa kijivu wa ziwa la kale, juu zaidi tabaka jekundu ambalo mabaki yake yamesimama peke yake katikati ya bonde kama mnara, na kila mstari kati ya rangi moja na nyingine ni kipindi cha maelfu ya miaka. Makumbusho mapya yaliyofunguliwa hapo mwaka 2017 yanaeleza mfululizo huo vizuri, tena kwa nafasi ya kutosha. Ningemshauri msafiri ayatembelee kwanza, kisha ndipo asimame ukingoni, kwa sababu bila maelezo hayo korongo huonekana kuwa bonde kavu tu kama mengine mengi ya nchi ya Wamasai.

Hali ya Laetoli inahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa wasafiri wengi hudanganywa na picha. Nyayo zile maarufu, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita juu ya majivu mabichi, ziligunduliwa katika miaka ya 1970 umbali wa kilomita takriban 45 kusini mwa Oldupai. Majivu yale yalilowanishwa na mvua nyepesi, yakaganda, kisha yakafunikwa na majivu mengine, na ndiyo maana njia yenye urefu wa takriban mita 27 imebaki na alama za visigino na vidole. Mizizi ya miti na mvua zilipoanza kuiharibu, wahifadhi waliifukia upya katikati ya miaka ya 1990, nayo imefukiwa hadi leo. Mgeni wa kawaida huona nakala yake katika makumbusho ya Oldupai, na nakala hiyo inatosha kabisa. Kuendesha gari hadi Laetoli kwenyewe ni kutumia siku nzima kwa ajili ya kuona rundo la mawe na udongo lililowekwa kulinda kitu kisichoonekana.

Kama hadithi ya kaskazini ingeishia hapo, nisingeipendekeza kwa yeyote asiye mtafiti. Thamani yake inatokana na yaliyoizunguka. Kreta ya Ngorongoro, yenye eneo la kilomita za mraba takriban 260 na kingo zinazoinuka karibu mita 600 kutoka sakafuni, ni volkano iliyoporomoka ndani yake yenyewe, na hakuna picha inayoweza kumwandaa mtu kwa ukubwa wake. Si mbali na Oldupai kuna kilima cha mchanga mweusi unaohama, wenye umbo la mwezi mwandamo, ambao upepo huusukuma mita kadhaa kila mwaka kuelekea magharibi, na vigingi vilivyochomekwa ardhini huonyesha ulipokuwa miaka iliyopita. Majivu yanayounda kilima hicho yanahusishwa na Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu, ambayo hutoka ikiwa nyeusi na nyepesi kama maji ya matope, kisha hugeuka kuwa nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulitokea mwaka 2007 na 2008.

Chini ya mlima huo, kando ya Ziwa Natron, karibu na kijiji cha Ngare Sero, kuna jambo ambalo wasafiri wengi wa Ngorongoro hulipita bila kujua. Katika majivu yaliyoganda pana nyayo za binadamu wa aina yetu zaidi ya 400, zenye umri ambao watafiti wameuweka kati ya miaka 19,000 na 5,000 hivi, na mgeni anaweza kupelekwa na mwongozaji wa kijijini kuziangalia mahali pale pale zilipo. Kwa umri hazikaribii kabisa za Laetoli, lakini zinaonekana, na kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni hilo ndilo lenye uzito. Wakati wa kuzaliana, flamingo wa aina ndogo hukusanyika katika ziwa hili kwa wingi usio na mfano Afrika Mashariki, kwa sababu maji yake makali ya magadi huwazuia maadui wengi kuvifikia viota. Mtu anayekwenda kaskazini akaishia Oldupai bila kushuka Natron amelipa gharama kubwa na kuiacha nusu bora ya safari.

Isimila ni kinyume cha Oldupai karibu katika kila jambo. Haina jina kubwa, haikutoa fuvu la mtu wa kale, na jengo lake la maonyesho ni dogo. Lakini zana za mawe ziko pale. Eneo hilo, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini Iringa, lilijulikana kwa wanaakiolojia mwaka 1951 na likachimbuliwa mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell, ambaye timu yake ilikuta mashoka ya mkono, mapanga ya mawe na viparuzi kwa wingi wa kushangaza, mengine yakiwa makubwa kiasi kwamba mtu hujiuliza yalitumiwaje. Vipimo vya urani vilitoa umri wa takriban miaka 260,000. Mifupa ya wanyama iliyopatikana ilikuwa pamoja na ya kiboko wa aina iliyotoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemjua. Mwongozaji humshusha mgeni korongoni, akamwonyesha zana zikiwa zimelala ardhini zilipoachwa, na tofauti kati ya kutazama shoka nyuma ya kioo na kuliona mchangani karibu na kiatu chako haihitaji maelezo marefu.

Hatua chache kutoka hapo linaanza korongo la nguzo za udongo, ambalo ndilo linalowavuta wapiga picha. Mvua na mto vimeumomonyoa udongo laini na kuacha minara mirefu iliyofunikwa kichwani na tabaka gumu, na mtu anayepita katikati yake asubuhi au jioni huona rangi zikibadilika kwa kila kona. Huu ni mfano wa nadra wa mahali ambapo mandhari na akiolojia havihitaji safari mbili, kwa sababu mmomonyoko ule ule uliochonga nguzo ndio uliofichua zana. Kwa kuwa mgeni yuko Iringa tayari, ni vyema apite pia Kalenga, ambako lipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Si kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, lakini ni fuvu lenye historia ya safari ndefu kuliko ya Zinj.

Kutoka Iringa, njia ya kusini inageuka kuwa safari ya maumbile zaidi kuliko ya visukuku, na jambo hilo msafiri anapaswa kulikubali kabla hajaondoka nyumbani. Katika milima ya Uporoto kuna ziwa la kreta la Ngozi, ambalo hufikiwa kwa miguu kupitia msitu wenye utelezi na mwinuko mkali kuelekea mwisho, na wilayani Rungwe kuna Daraja la Mungu, upinde wa mwamba wa lava ambao mto Kiwira umeutoboa na kupita chini yake. Kisha ukielekea Tunduma unaacha lami na kuingia kijiji cha Ndolezi, ambako Kimondo cha Mbozi kimelazwa katika mteremko wa kilima cha Marengi. Ni donge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16, ambalo takriban asilimia 90 yake ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Halina shimo lolote la kuangukia linaloonekana karibu yake, jambo linalodokeza kwamba ama lilianguka zamani sana ama lilifika ardhini kwa mwendo usio mkali. Mgeni huruhusiwa kulikaribia, na ubaridi wa chuma chake wakati wa asubuhi ni kitu ambacho watoto hukizungumza hadi nyumbani.

Olorgesailie inafanana na Isimila kuliko inavyofanana na Oldupai, nayo inaishinda Isimila kwa mpangilio. Louis na Mary Leakey waliitambua mwaka 1942, na uamuzi wa kuziacha zana nyingi pale zilipopatikana, zikazungushiwa njia ya mbao iliyoinuliwa ili wageni wasizikanyage, ndio unaoifanya iwe ya kipekee. Mgeni hutembea juu ya mbao akitazama chini mamia ya mashoka ya mkono yaliyolundikana mahali pamoja, ambayo yana umri wa kati ya miaka milioni 1.2 na miaka laki tano hivi. Pamoja nayo ilipatikana mifupa ya nyani wakubwa waliokwisha kutoweka na ya tembo wa kale. Kwa miongo mingi hakuna aliyepata hata kipande cha mtu aliyezitengeneza zana hizo, mpaka mwaka 2003 vipande vya fuvu dogo vilipopatikana. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba eneo hilo lina pia zana ndogo zaidi, za umri wa takriban miaka 320,000, zilizotengenezwa kwa kioo cha volkano kilichobebwa kutoka mbali. Ushahidi wa mapema wa watu waliokuwa na mahusiano nje ya bonde lao.

Ukiendelea mbele kwa barabara ile ile unafika Ziwa Magadi, tambarare ya chumvi nyeupe na waridi ambayo imekuwa ikichimbwa kiwandani kwa zaidi ya karne moja. Chemchemi zake za maji moto ziko upande wa kusini, na kuzifikia kunahitaji mwongozaji wa eneo hilo, kwa kuwa njia za magari hupita juu ya ukoko ambao si kila mahali unabeba uzito. Kwa mwenye siku mbili au tatu zaidi, upande wa Naivasha una Hell's Gate, hifadhi ambayo mtu anaweza kuizunguka kwa baiskeli kati ya kuta za miamba, na mbele yake, kando ya barabara ya Nakuru, ipo Kariandusi, penye mashoka ya kioo cheusi cha volkano na machimbo meupe ya diatomiti, udongo uliotokana na maganda ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Kariandusi huchukua muda mfupi, lakini rangi mbili zile, nyeusi na nyeupe, hufundisha kwa haraka kwamba pale palikuwa na ziwa na volkano kwa wakati mmoja. Kreta ya Menengai iko juu ya mji wa Nakuru wenyewe.

Barabara, na gari la namna gani

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine popote. Njia ya kusini ni ya lami karibu yote, na gari dogo la mjini linaifanya bila tabu, isipokuwa vipande vifupi vya kuingia Isimila, Ngozi na Ndolezi ambavyo wakati wa kiangazi havina shida. Hatari yake ni ya aina nyingine: ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo. Kitonga, kabla ya kufika Iringa, lori moja likiharibika kwenye kona huweza kuifunga barabara kwa saa nyingi, na miteremko ya kuingia Mbeya imekwisha kuua watu wengi kutokana na breki za malori kushindwa. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara hupita kilomita zipatazo 50 kati ya wanyama, mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Kwa hiyo ni busara kupita hapo mchana. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wenye tochi hawana msamaha na mtu wa likizo.

Kaskazini, lami inafika hadi kwenye lango la Ngorongoro kupitia Karatu. Kuanzia hapo msafiri anakutana na vumbi na mawimbi ya barabara yanayolegeza kila kilichofungwa kwa skrubu, na kushuka ndani ya kreta hakuruhusiwi kwa gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Njia ya Natron kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela na Engaruka ni mbovu zaidi: majivu laini, mawe makali na makorongo ambayo mvua moja tu huyageuza kuwa mito. Matairi mawili ya akiba si anasa huko, na mafuta yajazwe Mto wa Mbu, si baadaye. Engaruka yenyewe inastahili kusimama kwa saa mbili, kwa sababu ya magofu ya mji wa wakulima walioyaongoza maji ya mlimani kwa mifereji ya mawe karne kadhaa zilizopita.

Kenya, barabara ya Magadi kupitia Kiserian ni ya lami, na Olorgesailie ni umbali wa kilomita 65 hadi 70 tu kutoka Nairobi, ingawa kona za kushuka bondeni baada ya Corner Baridi zinataka dereva mwangalifu. Baada ya Kiserian huduma hupungua ghafla, hivyo maji ya kunywa na mafuta ni vya kubeba. Barabara ya Nairobi hadi Nakuru ni nzuri lakini imejaa malori, na mwisho wa sikukuu foleni ya kurudi huweza kumaliza furaha yote ya safari.

Gharama

Siandiki viwango vya ada kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara, na tovuti za mamlaka husika ndizo za kuaminiwa. Mpangilio wake, hata hivyo, haubadiliki. Ngorongoro hutoza kila mtu kibali cha saa 24, hutoza gari, hutoza zaidi kwa gari linaloshuka kreta, na Oldupai ina ada yake juu ya hizo. Natron nayo ina vizuizi zaidi ya kimoja vya ushuru njiani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni kutoka nje, ilimradi awe na kitambulisho mkononi, lakini bado jumla ya kaskazini, pamoja na kukodi gari linalofaa, huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya Isimila au Olorgesailie, ambako kiingilio ni kidogo na mwongozaji yuko pale pale. Njia ya kusini hula pesa katika mafuta na malazi tu, maana kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda pekee. Kwa sababu kibali cha Ngorongoro huhesabiwa kwa saa, anayeingia saa nne asubuhi, akaona Oldupai siku hiyo, akalala ndani ya hifadhi na kushuka kreta alfajiri ya kesho, hutumia kibali kimoja vizuri kuliko anayeingia jioni.

Majira

Kaskazini mwa Tanzania na Kenya zina mvua mara mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya kuanzia Oktoba au Novemba, wakati kusini mvua ni ya msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Maana yake ni kwamba Januari na Februari, miezi ambayo kaskazini huwa kavu kiasi, ndiyo miezi ya tope Uporoto na ya maji kujaa ghafla katika korongo la Isimila. Juni hadi Septemba njia zote tatu zinapitika, isipokuwa baridi ya ukingo wa Ngorongoro, Mufindi na Mbeya ni ya kweli, na mtu wa Pwani asiyebeba sweta atajuta. Natron na Magadi ni upande mwingine wa kipimo: ni mabonde yenye joto kali mwaka mzima, ambako matembezi yote hufanywa kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katika magenge ya Hell's Gate mafuriko ya ghafla yamewahi kuua wageni, mwaka 2012 na 2019, na mvua iliyoyasababisha si lazima inyeshe pale uliposimama. Anga likiwa zito upande wowote, usishuke.

Nani aende wapi

Kwa watoto wa shule ya msingi ningechagua Olorgesailie na Kimondo cha Mbozi kabla ya Oldupai, kwa sababu mtoto huelewa kitu kinachoguswa au kinachohesabika, na matabaka ya udongo humchosha baada ya dakika kumi. Wazee wenye magoti mabovu watafurahia kreta, ambayo huonwa bila kushuka garini, na njia ya mbao ya Olorgesailie, lakini Ngozi si yao, wala Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hupandwa usiku kwa mwinuko usio na huruma hata kwa vijana. Mwalimu au mwanafunzi wa historia anayetaka kuona jinsi elimu ya asili ya binadamu ilivyojengwa hatua kwa hatua hana budi kwenda Oldupai, tena abaki huko siku nzima badala ya kuipitia akiwa njiani kwenda Serengeti, kama magari mengi ya watalii yanavyofanya.

Wapo watakaouliza kwa nini Turkana haimo, ilhali ndiko ilikopatikana mifupa ya yule kijana wa kale wa Nariokotome, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na ndiko Lomekwi kulikotoa zana za mawe za miaka milioni 3.3. Sikuiacha kwa kuidharau. Koobi Fora, ndani ya Hifadhi ya Sibiloi, ina visukuku vya tembo, kasa mkubwa na mamba vilivyoachwa mahali pake, na kwa kipimo changu mwenyewe ingeshinda. Lakini kutoka Loiyangalani kwenda huko ni jangwa la mawe, bila fundi wala mafuta, na msafara salama unataka magari mawili, dereva anayelijua eneo na taarifa za usalama za siku hiyo hiyo. Hiyo ni safari ya kupangwa kwa miezi, si ya kulinganishwa na likizo ya wiki. Tendaguru, mkoani Lindi, nayo niliiacha kwa sababu iliyo rahisi zaidi: mifupa ya dinosaria iliyochimbuliwa huko kati ya 1909 na 1913 ilipelekwa Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa ukumbini akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na kilimani hakukubaki cha kumwonyesha mgeni.

Kuziunganisha mbili

Mwenye siku kumi anaweza kuunganisha Olorgesailie na kaskazini mwa Tanzania kwa kupitia Namanga, na naona huo ndio muungano wenye mantiki zaidi, kwa kuwa ataanza na Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yanayotunza mifupa halisi ya kijana wa Nariokotome, aone zana zilizoachwa ardhini siku ya pili, kisha ndipo aende kwenye matabaka ya Oldupai akiwa tayari anajua anachokitazama. Anayeanzia Dar es Salaam kwenda kusini anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kupita kwanza Makumbusho ya Taifa yaliyo katika Mtaa wa Shaaban Robert. Kuvuka Namanga na gari kunahitaji kadi ya gari, kibali cha muda cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA, na vyote hupatikana kwa siku moja kama mwenye gari ndiye anayeliendesha. Akiwa ni mwingine, barua ya idhini ya mmiliki iwe tayari kabla ya kufika mpakani. Gari lenye namba za kigeni hutozwa ndani ya hifadhi za Tanzania kwa kiwango cha juu zaidi kuliko la ndani, kwa hiyo Mkenya anayekwenda Ngorongoro huenda akatumia kidogo zaidi akiliacha lake mahali salama Arusha na kukodi la huko pamoja na dereva, ambaye pia atakuwa anaijua njia ya Natron.